Thelathini na Tano

Bi Shamsa alizipanga kwenye kitambaa cha meza,
lenzi tatu za marehemu, kama sahani za wageni.
Chagua, akasema. Kwangu mimi vyote ni vioo.

Nilifunga dirisha kwanza.
Vumbi la Kanyenye mwezi wa tisa halibishi hodi.

Mkobani nilikuwa na miili miwili:
kamera ya filamu ya mjomba Kapela, nzito kama tofali la kuchoma,
na ya dijitali, ya mkopo wa kikundi,
ambayo moyo wake mdogo hukata pembe za kila kitu
kama fundi aliyepunjwa kitambaa.
Nilitaka jicho moja la kuwavika wote wawili,
kwa msaada wa pete ya chuma ya elfu kumi na nane.
Lenzi inayovuta siitaki. Hulemaza miguu:
unasimama mlangoni, unazungusha mkono,
unadhani umemkaribia mtu.

Ya themanini na tano, lo!
Niliielekeza kwenye birika, birika likawa bibi harusi,
ukuta nyuma yake ukayeyuka ukawa uji.
Niliitamani kama mtu anavyotamani kiatu kisichomwenea.
Studio yangu ni hatua nne. Ya tano ni mtaro.

Hamsini niliimulika kwa tochi ya simu, kutokea nyuma.
Ukingoni kuvu ilikuwa imetandaza mizizi,
masika mengi ya kusahauliwa kabatini,
na mafuta yameng'ang'ania visu vya kipenyo:
vinafunga kwa kusitasita, kama shahidi wa kununuliwa.
Dijitali itakwambia, tutasafisha kwenye kompyuta.
Filamu haina tutasafisha.
Filamu inapanda treni kwenda Dar,
na kosa lako hurudi baada ya wiki tatu,
limekauka, limelipiwa.

Alikuwa jikoni anachemsha chai. Nikapekua albamu za rafuni, zote nne:
maharusi, wahitimu, timu ya mpira ya karakana ya reli,
mtoto mmoja wa Isevya analilia puto.
Yeye hayumo.

Ikabaki thelathini na tano.
Fupi, imebonyea mdomoni,
namba za umbali zimefutwa na kidole gumba cha mwenyewe.
Niliitikisa sikioni: kimya.
Pete ikazunguka kwa uzito mmoja, mwanzo hadi mwisho,
kama kijiko ndani ya asali.
Nikamulika, nikamulika tena, natafuta sababu ya kuikataa.
Kwenye filamu itanipa chumba, jamvi, na jirani aliyechungulia;
kwenye dijitali itanipa mtu, kadiri ninavyomwona
tukiwa meza moja.
Haimpambi mtu. Haimwongopei pia.

"Nijaribu kwako," nikasema, nikaiinua.

"Usinipige." Mkono ulishafika usoni.
"Humu ndani nimepigwa vya kutosha."

Nikashusha kamera.
Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Tuliinywa yote.

"Ile ndefu ndiyo aliyoisifu," akasema baadaye,
"hiyo hakuwahi kuitaja."
Basi nipe hiyo, nikasema.
Laki moja na ishirini; elfu arobaini nadaiwa
mpaka wakulima walipwe tumbaku yao,
waanze kuoa.

Jana alikuja studio, kwa miguu, amejifunga kanga mpya.
Mahakama inataka picha mbili za pasipoti, za mirathi.
Hakuketi. Alitazama kiti, alitazama kitambaa cha buluu,
alitazama ule mdomo uliobonyea, akautambua.

"Nisogee wapi?"

Usisogee, Bi Shamsa. Hii haivuti.
Ni mimi nitakayesogea, hatua moja, labda mbili,
na ukisema hapo, nitakoma hapo.

Akafikiri. Nje treni ya Mpanda ilipiga honi, ikachelewa kuondoka.

"Uniambie kabla hujabonyeza."

Nikamwambia.